Biblia mbili na simu: kipi kinakufaa ukikwama kwenye andiko gumu?

Kwenye maduka ya vitabu vya kanisa, iwe Mbeya mjini, Tukuyu, Njombe au Iringa, mteja akiomba kitu cha kumsaidia kuelewa maandiko magumu, mara nyingi hushikishwa kitabu cha mafafanuzi au kijitabu chembamba cha maswali na majibu. Sisi tunasema hela hiyo ianze kununua Biblia ya pili. Isiwe nakala nyingine ya ileile uliyo nayo, iwe tafsiri nyingine. Mwenye Union Version yenye marejeo, Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni (vile vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki lakini havimo katika ile ya vitabu 66), na simu yenye programu ya Biblia, anaweza kufungua sehemu kubwa ya maandiko yanayozua ubishi kwenye ibada za nyumba kwa nyumba na jumuiya ndogondogo. Na pale asipoweza, atajua kwa nini hawezi, jambo ambalo lina faida yake.

Tumevipima vitu hivi kwa maandiko ambayo kila mwalimu wa mafundisho amewahi kuulizwa: Luka 14:26 juu ya kuwachukia wazazi, Yakobo 2:24 juu ya matendo, Marko 13:14 juu ya chukizo la uharibifu, Yeremia 29:11 ambalo watu hulipenda kuliko wanavyolijua, Waebrania 6:4-6 na 1 Wakorintho 15:29. Ugumu wake haufanani. Jingine ni gumu kwa sababu ya namna ya kusema ya watu wa zamani, jingine linadai historia, jingine linaonekana kupingana na andiko lingine, na jingine halina ugumu wowote ila limechomolewa mahali pake. Chombo kinachofaa kwa hili hakifai kwa lile, ndiyo maana kimoja hakitoshi.

Union Version yenye marejeo

Hii ndiyo Biblia iliyoko mimbarani kwenye makanisa mengi ya Nyanda za Juu Kusini. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ikikusudiwa kuwa tafsiri moja badala ya zile mbili za awali, ya Unguja na ya Mombasa. Kiswahili chake kwa hiyo ni cha pwani na cha miaka hiyo, na kijana wa Makete au Mufindi hukutana na maneno ambayo hayasikii popote pengine. Lakini tafsiri hii ina sifa moja ambayo msomaji wa maandiko magumu anaihitaji sana: hufuata maneno ya asili kwa karibu, na neno lililorudiwa na mwandishi mara nyingi utalikuta limerudiwa na hapa. Ukitaka kuona jinsi hoja ya Paulo inavyofungamana, soma hapa.

Thamani kubwa zaidi iko kwenye marejeo. Ni zile herufi au namba ndogo karibu na neno, zinazokupeleka kwenye safu ya pembeni au chini ya ukurasa ambako majina ya vitabu yamefupishwa. Wengi wana Biblia ya namna hii miaka mingi na hawajawahi kuitumia safu hiyo hata mara moja. Na si kila nakala inayo. Kabla hujalipa, fungua Luka 14 pale pale kaunta. Usipoona marejeo kwenye ukurasa ule, rudisha uombe nyingine.

Chukua hiyo Luka 14:26: mtu akija kwa Yesu “naye hamchukii baba yake, na mama yake” hawezi kuwa mwanafunzi wake. Andiko hili limevunja nyumba. Wapo vijana walioacha kuwapelekea wazazi hata debe la mahindi kwa sababu mzazi bado anashika mila, na andiko walilotumia kujitetea ni hili. Fuata marejeo mpaka Mathayo 10:37. Pale neno lilelile la Yesu limeandikwa kwa sura nyingine: anayempenda baba au mama kuliko yeye hamstahili. Hapo umeshapata nusu ya jibu, kwamba ni suala la nani anatangulia. Nusu ya pili iko kwenye Luka yenyewe, kwenye mistari inayofuata, 28 hadi 33: mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza kuhesabu gharama, na mfalme anayekwenda vitani hupima jeshi lake. Mada ni gharama ya kufuata, wala si chuki ya moyoni. Ukitaka kufunga mjadala kabisa, nenda Marko 7:9-13. Yesu anawakemea watu walioweka mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasilazimike kuwasaidia baba na mama zao. Aliyesema hivyo hawezi kuwa ndiye anayeamuru wazazi watelekezwe. Kazi yote hii ni ya Biblia moja na dakika kumi na tano.

Yakobo 2:24 nayo hufunguka hapahapa. Yakobo anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake. Warumi 3:28 inasema kwa imani pasipo matendo ya sheria. Watu huishia kuchagua upande, Walutheri na Wapentekoste huku, Wakatoliki kule, na kikundi kinalala na hasira. Kabla ya hapo, fuata marejeo ya Yakobo 2:21 na 2:23. La kwanza linakupeleka Mwanzo 22, Abrahamu akimtoa Isaka. La pili Mwanzo 15:6, Abrahamu akiamini ahadi. Kisha fungua Warumi 4:3: Paulo naye ameshika Mwanzo 15:6 hiyohiyo, na kwenye mstari wa 10 anauliza ilikuwa kabla au baada ya kutahiriwa. Paulo anajibu swali la jinsi mtu anavyopokelewa na Mungu, na tohara ndiyo iliyokuwa mezani. Yakobo anajibu swali la mtu anayesema anaamini huku amemwacha ndugu yake uchi na njaa (2:15-16), imani ambayo kwa 2:19 hata mashetani wanayo. Tofauti za mafundisho kati ya makanisa hazitakwisha kwa hilo, lakini angalau watu watabishana juu ya kile kilichoandikwa.

Udhaifu wa Union Version huonekana hasa inaposomwa kwa sauti. Katika Agano la Kale, BWANA kwa herufi kubwa ni mahali palipo na jina lenyewe la Mungu katika Kiebrania, na Bwana kwa herufi ndogo ni cheo tu. Macho yanaona tofauti, masikio hayasikii. Soma Zaburi 110:1 mbele ya watu ishirini waliokuja na Biblia tatu tu, kisha uende Mathayo 22:41-45 ambako Yesu anawauliza Mafarisayo juu ya mstari huo. Wasikilizaji watasikia Bwana akisema na Bwana na watashindwa kujua swali la Yesu liko wapi. Msomaji inabidi asimame na kueleza. Habari Njema haina tatizo hilo, kwa kuwa jina lile limewekwa “Mwenyezi-Mungu” na mwingine akabaki “bwana”.

Habari Njema yenye Deuterokanoni

Tafsiri hii ilikamilika miaka ya 1990, na lengo lake lilikuwa Kiswahili cha watu wa leo. Inauzwa kwa namna mbili, yenye vitabu vya Deuterokanoni na isiyo navyo. Tunashauri ile yenye navyo hata kwa msomaji wa Kimoravian, Kilutheri au Kipentekoste, na sababu tutaionyesha kwa andiko moja.

Marko 13:14: “chukizo la uharibifu” likisimama pasipolipasa, na ndani ya mabano, “asomaye na afahamu”. Mwandishi mwenyewe anakubali kwamba msomaji anatakiwa kufanya kazi. Hapa mahubiri mengi hukimbilia habari za dunia ya leo: kadi, chanjo, namba za simu. Badala yake fanya hivi. Kwenye Habari Njema, chini ya kichwa cha habari cha sehemu hiyo utakuta mabano yanayoonyesha mahali habari hiyo inapopatikana kwa Mathayo na kwa Luka. Mathayo 24:15 inaongeza neno ambalo Marko hakulisema, kwamba chukizo hilo lilinenwa na nabii Danieli. Sasa unajua pa kwenda. Danieli 9:27, 11:31 na 12:11 zinasema habari ya sadaka ya kila siku kukomeshwa na chukizo kusimamishwa.

Mwenye Biblia ya vitabu 66 hukwama hapo. Mwenye Deuterokanoni afungue kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, sura ya 1, kuanzia mstari wa 41. Mfalme Antioko wa Nne anawakataza Wayahudi sheria yao, na kwenye mstari wa 54 chukizo linajengwa juu ya madhabahu ya hekalu la Yerusalemu. Ilikuwa mwaka 167 KK. Ukisoma sura ya 4, kuanzia mstari wa 36, unamkuta Yuda Makabayo akilisafisha hekalu na kuliweka wakfu upya mwaka 164 KK, na sikukuu ikawekwa ya kukumbuka siku hizo. Sikukuu hiyo ndiyo ile Yesu anayokuwepo hekaluni katika Yohana 10:22, wakati wa baridi, ambayo wasomaji wengi huipita bila kujiuliza ilitoka wapi, maana haimo katika Torati.

Kwa wasikilizaji wa Yesu, basi, “chukizo la uharibifu” lilikuwa jambo lenye historia: mgeni mwenye nguvu kuingiza ibada yake mahali patakatifu. Yesu anatumia kumbukumbu hiyo kuonya juu ya lijalo. Rudi sasa Luka 21:20. Pale ambapo Marko ana chukizo, Luka anasema Yerusalemu umezungukwa na majeshi. Mwaka 70 BK jeshi la Kirumi chini ya Tito liliuteka mji na kuliteketeza hekalu. Amri ya kukimbilia milimani, ya aliye shambani asirudi nyuma, na masikitiko juu ya wenye mimba, yote yanasomeka vizuri kama maagizo ya kweli kwa watu wa mji utakaohusuriwa. Kama andiko hilo linaelekeza pia mbele zaidi, hadi mwisho wa nyakati, hapo makanisa yanatofautiana na msomaji mwaminifu atasema hivyo. Lakini asianzie huko akaruka Danieli, Makabayo na mwaka 70.

Msomaji mwenye wasiwasi kwamba kitabu hicho hakimo katika Biblia ya kanisa lake asome kama anavyosoma historia. Luther mwenyewe, katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534, aliviweka vitabu hivyo kati ya maagano mawili, akasema havilingani na Maandiko Matakatifu lakini ni vyema na vina faida kuvisoma.

Kasoro ya Habari Njema ni upande wa pili wa wema wake. Ili sentensi ieleweke, wafasiri wakati mwingine hulazimika kuchagua maana moja pale maandishi ya asili yalipoacha wazi. Kipimo chetu ni 1 Wakorintho 7:36-38. Kigiriki kinazungumza juu ya mtu na “mwanamwali wake”, basi. Huyo mtu ni baba mwenye binti, au kijana mwenye mchumba? Wataalamu wamegawanyika tangu zamani. Tafsiri yoyote inayosema binti au mchumba imeshakuamulia. Weka Biblia mbili sambamba kwenye mistari hiyo na utaona tofauti, na tofauti ya tafsiri karibu kila mara ni dalili kwamba chini yake kuna ugumu wa kweli. Anayehubiri ndoa kutoka hapo bila kuangalia tafsiri ya pili amesimama mahali pasipo imara kuliko anavyodhani.

Neno juu ya mabano. Kwenye Union Version, Yohana 5:3-4 na Matendo 8:37 zina mabano ya mraba, na watu huuliza kama kuna mtu ameipunguza au kuiongeza Biblia. Mabano yanamaanisha kwamba maneno hayo hayamo katika nakala za kale zaidi zilizoandikwa kwa mkono. Marko 16:9-20 na habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, nazo ziko katika kundi hilo. Tafsiri inayokuonyesha mabano inakutendea haki kuliko inayokaa kimya. Namba za mistari zenyewe ni za karne ya 16: mpiga chapa Robert Estienne ndiye aliyezitumia katika Agano Jipya la mwaka 1551. Ndiyo maana namba ikikosekana kwenye tafsiri fulani, kama 8:37, ujue hesabu ya zamani ya namba imeachwa kama ilivyo kwa mazoea na maneno yakahamishiwa tanbihi.

Programu ya simu

YouVersion ni ya bure, na ndani yake zimo Union Version, Union Version iliyorekebishwa, Habari Njema na Neno. Kwa kulinganisha tafsiri haina mpinzani. Gusa mstari, chagua kulinganisha, na tafsiri ulizochagua zinajipanga moja chini ya nyingine. Kazi ya meza yenye Biblia nne inafanyika ndani ya daladala la Uyole.

Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, shusha tafsiri ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Ukiacha hadi umefika kijijini nyuma ya Rungwe au bondeni Usangu, utabaki unatazama duara likizunguka na kipindi kinapita. Jaribu mapema: zima data, fungua Hosea, uone kama inafunguka. Pili, sehemu ya kutafuta maneno ni kama itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na mahali yalipo) ya bure, lakini inatafuta kwa maneno ya tafsiri uliyofungua. Ukiandika “Mwenyezi-Mungu” ukiwa umefungua Union Version hutapata kile ulichotarajia. Andika sehemu fupi ya neno, maana vitenzi vyetu hubadilika mwanzo na mwisho. “Hesabiwa haki” huenda ikakuletea mengi kuliko “anahesabiwa haki”. Tatu, ogopa programu za Biblia zisizotaja tafsiri yao ni ipi na haki ni ya nani. Zipo nyingi, zimejaa matangazo, na mara nyingine maandishi yenyewe yana makosa ya kuchapa. Programu isiyo na ukurasa wa haki ya kunakili, ifute.

Hasara kubwa ya simu ni kwamba inauza mstari mmoja mmoja. Mstari wa siku unakuja umepambwa kwa picha ya jua likichomoza, unautuma kwenye kundi la kwaya, umemaliza. Yeremia 29:11 ndilo andiko linaloumia zaidi kwa namna hii. “Mawazo ya amani wala si ya mabaya” limekuwa la kutumiwa wahitimu na maharusi, na likishindwa kutimia ndani ya mwaka, mtu anaumia kweli, anadhani Mungu amemdanganya. Rudi nyuma kwa kidole. Mstari wa 1 unasema ni barua, imetumwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mistari ya 5 hadi 7 inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji ule wa ugenini. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Rudi sura moja zaidi, 28, na utaona kwa nini barua ililazimika kuandikwa: nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili yote yatarudishwa, na Yeremia akamwambia anawatumainisha uongo. Kwa hiyo 29:11 ni tumaini linalotolewa kwa watu ambao wengi wao watafia huko. Tumaini lenyewe linabaki, tena lina uzito kuliko lile la kwenye picha, lakini halimwahidi mtu kazi ifikapo Desemba. Tunawaomba viongozi wa vijana, kwa moyo wote: msiwape vijana mstari huu bila sura ya 28.

Simu pia huficha mahali sura zinapokatika. Mathayo 16:28 inasema baadhi ya waliosimama pale hawataonja mauti kabla ya kumwona Mwana wa Adamu akija katika ufalme wake, na sura inaishia hapo. Wengi huacha kusoma, na kubaki na swali zito. Marko ameweka neno linalofanana nalo kwenye 9:1, na mstari wa 2 unaendelea, “baada ya siku sita”, na Yesu anageuka sura mbele ya watatu kati yao. Luka 9:27-28 vivyo hivyo, ila yeye anasema yapata siku nane. Waandishi wote watatu wameyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega. Aliyeyatenganisha katika Mathayo ni mgawanyo wa sura uliokuja karne nyingi baadaye. Wapo wanaoelewa neno hilo kuwa ni ufufuo na Pentekoste, au anguko la Yerusalemu, na hoja zao zina nguvu. Ila anayejadili bila kugeuza ukurasa hajaanza.

Vitabu vya mafafanuzi

Sasa ndiyo uende dukani kutafuta kitabu cha maelezo, ukiwa na maswali mkononi. Vipo vizuri na vipo vya hovyo, na jalada halikuambii kitu. Sisi tuna vipimo vinavyofanyika umesimama mbele ya rafu.

Fungua Mathayo 19:24, ngamia na tundu la sindano. Kama kitabu kinasema Tundu la Sindano lilikuwa lango dogo la Yerusalemu ambalo ngamia alipita kwa kupiga magoti, na kinalisema kama jambo la hakika, kirudishe. Hakuna ushahidi wa lango hilo katika siku za Yesu, na mistari ya 25 na 26 inalikataa: wanafunzi wanashangaa mno na kuuliza ni nani basi awezaye kuokoka, na Yesu anajibu kwamba kwa wanadamu haiwezekani. Lango la kupigia magoti linawezekana.

Fungua Waebrania 6:4-6, wale waliokwisha kupewa nuru kisha wakaanguka. Kitabu kizuri kitakueleza walau njia mbili za kulielewa, wanaosema ni waamini wa kweli wanaoweza kupotea na wanaosema ni watu walioonja bila kuzama, halafu kitakuonyesha mstari wa 9, ambapo mwandishi anawaambia wasomaji wake kwamba kwao anatazamia mambo mema. Kitabu kinachotoa njia moja na kuwaita wengine wazushi kinakufundisha kupigana. Andiko hili huwasumbua hasa watu waliorudi nyuma wakatubu na sasa wanaogopa kwamba mlango umefungwa. Wanastahili kusomewa sura nzima mpaka nanga ya roho katika mstari wa 19.

Mwisho fungua 1 Wakorintho 15:29, wanaobatizwa kwa ajili ya wafu. Hapa tunatafuta unyenyekevu. Paulo anataja desturi hiyo kwa nusu mstari, haielezi, haiamuru, anaitumia tu kwenye hoja kwamba wafu hufufuliwa. Maelezo yaliyotolewa ni mengi mno na hakuna lililokubaliwa na wote. Kitabu kinachosema wazi kwamba hatujui ilikuwa desturi gani, kikabaki na kile ambacho sura nzima inakifundisha, hicho kinaaminika hata kwenye kurasa ambazo huna uwezo wa kukikagua.

Kununua na kutunza

Kagua kushonwa kwa kurasa: fungua katikati, kwenye Zaburi au Isaya, ukiona uzi ni vizuri, ukiona gundi tupu hiyo haitamaliza miaka miwili ya kubebwa kwenye mfuko. Pitisha kidole haraka toka Mwanzo hadi Ufunuo, maana zipo nakala zenye kurasa zilizorudiwa au zilizoruka, na ukishaondoka dukani ni vigumu kubadilishiwa. Soma mstari mmoja kwa umbali wa taa yako ya sola, usidanganywe na mwanga wa dirisha la duka. Maandishi madogo ya nakala za mfukoni yanawashinda wazee wengi, na wao ndio wanaoongoza vikundi. Huko Tukuyu na Kyela unyevu hufanya kurasa nyembamba zishikane na kuota ukungu. Mfuko wa zipu unasaidia mvua ikinyesha njiani, lakini nyumbani Biblia ikae nje ya mfuko, juu ya rafu, mbali na ukuta.

Kama hela inatosha kitu kimoja na tayari una Union Version, nunua Habari Njema. Kama huna hata moja na unafundisha watu wazima, anza na Union Version yenye marejeo, hizo nyingine zikae kwenye simu kwa sasa. Mkatoliki anayesoma Zaburi na jirani wa Kilutheri waangalie namba kwanza, kwa sababu baadhi ya vitabu vya sala hufuata hesabu ya Kigiriki, ambayo kuanzia Zaburi ya 10 hadi ya 147 mara nyingi iko nyuma kwa moja.

Na pale ambapo bibi wa kikundi anasikia Kiswahili lakini anafikiri kwa Kibena, Kikinga, Kisafwa, Kinyiha au Kinyakyusa, ulizia Maandiko ya lugha hiyo. Kazi ya kutafsiri lugha za mikoa yetu imekuwa ikiratibiwa kutoka Mbeya tangu miaka ya 2000, na sehemu ya matunda yake inasomeka na kusikilizwa kwenye simu. Mwekee kwa sauti, sura nzima, mara mbili, kabla ya mtu yeyote kuanza kueleza.